Kamera hizi kongwe hazijafa, zimekosa betri tu

Katika baadhi ya nyumba za Kericho na Bomet, hasa zile ambazo wenyewe waliwahi kufanya kazi katika mashamba makubwa ya majani chai, kuna kifaa ambacho hakuna anayejua la kukifanyia. Ni kamera ya sinema, ile ndogo ya kushikwa mkononi, ambayo meneja wa Kizungu aliiacha alipofunga virago kurejea kwao. Aghalabu aliyeachiwa ni mpishi au mtunza bustani, naye alipewa pamoja na viti vya veranda na masufuria yaliyozeeka. Tangu hapo kamera hiyo imelala juu ya kabati. Watoto wameichezea. Wajukuu wameifungua, wakakuta betri zimevimba na kutoa unga mweupe, wakakata shauri kwamba kidude hicho kimekwisha kazi.

Nachukua fursa hii kuwapinga wajukuu hao. Nimefundisha fizikia katika shule za sehemu hii kwa miaka mingi, na kamera za aina hiyo nilizoletewa na wanafunzi au wazazi wao zinazidi kumi. Zilizokuwa zimeharibika kwa hakika ni chache. Nyingi hazikuwa na kasoro yoyote ila moja: betri zilizokusudiwa kuziendesha hazitengenezwi tena, au zinapatikana lakini mwenye kamera hakujua ni zipi zinazofaa. Mashine nzima yenye lenzi safi na magurudumu madogo yaliyochongwa kwa ustadi wa fundi saa inatupwa kwa kukosa kitu kinachouzwa dukani kando ya viberiti. Walimu wenzangu wa sayansi wana jambo la kulifikiria hapa. Wa historia wanalo pia, na zaidi ya wote wale wanaowaandaa wanafunzi kwa tamasha la kitaifa la drama na filamu.

Kwanza tukumbushane asili ya vitu hivi. Makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yalianza kilimo kikubwa cha chai Kericho katikati ya miaka ya 1920, katika ardhi ambayo Wakipsigis na Watalai hawajaacha kuidai hadi leo. Kipindi hicho ndicho sinema ya nyumbani ilipozaliwa. Kampuni ya Kodak ya Marekani ilitoa kamera ya filamu ya milimita 16 kwa watu wa kawaida mwaka 1923. Mwaka 1932 ikaleta ya milimita 8 iliyokuwa nafuu zaidi, na mwaka 1965 ikaleta Super 8, ambayo filamu yake huja ndani ya kasha la plastiki la kutumbukizwa tu. Kwa hiyo mashamba na kamera vilikua pamoja kama watoto wa rika moja.

Meneja alipiga picha za watoto wake wakikimbia nyasini, mbwa wake, na gari lililokwama matopeni wakati wa masika. Alipokwisha hayo, aligeuza lenzi kidogo na kuwanasa wachumaji wakiwa na vikapu mgongoni, mbali, wadogo kama siafu katika bahari ya kijani. Filamu zilisafiri na wenyewe. Nyingi za namna hii, za familia za Kiingereza zilizoishi katika makoloni, Kenya ikiwemo, zimo leo katika hifadhi ya nyaraka ya jiji la Bristol, Uingereza, iliyopokea mkusanyo wa lililokuwa jumba la makumbusho la Dola ya Uingereza na Jumuiya ya Madola. Sisemi kwamba filamu hizo hazina thamani. Zina thamani kubwa, na ninamshukuru kila aliyezitunza. Ila katika chache nilizobahatika kuziona, kamera imesimama verandani ikitazama bondeni. Mchumaji haonekani uso. Wala hakuna filamu niliyoiona ambayo mchumaji ndiye aliyeishika kamera.

Kuna mfano wa karibu unaoonyesha kwamba kilichochukuliwa huweza kurejea. Mwaka 1950, Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyefanya kazi yake Afrika Kusini, alifika Kapkatet na vyombo vyake vya kurekodia. Wasichana wa Kipsigis wakamwimbia wimbo wa kiumbe aitwaye Chemirocha, nusu mtu na nusu swara. Jina hilo si lingine ila la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi, Marekani, aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huku milimani. Rekodi ya wasichana hao ilitunzwa katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha Tracey, ikasikilizwa na wataalamu wa mataifa mengi. Wana wa Kapkatet hawakuisikia. Ilipita zaidi ya miaka sitini ndipo wahifadhi wa maktaba hiyo, wakishirikiana na Wakenya, wakairudisha nyumbani, na wazee waliokuwa vijana siku ile wakajisikia wenyewe.

Ninaikumbuka habari hiyo kila ninaposhika kamera kuukuu, kwa sababu ya jambo dogo. Gramafoni zilizoeneza santuri mashambani wakati ule ziliendeshwa kwa kamani, ile springi ya kukazwa kwa mkono. Hazikungoja nyaya za umeme. Laiti zingehitaji umeme wa ukutani, Chemirocha asingezaliwa. Nguvu ya kuendeshea chombo ndiyo huamua nani atakitumia, na wapi.

Kamera za kale zaidi nazo ni za jamii hiyo ya kamani. Unazungusha ufunguo ubavuni hadi ukaze, unabonyeza kitufe, na kamani inapojikunjua inaivuta filamu. Ukiacha ile Kodak ya kwanza kabisa ya 1923, iliyozungushwa kwa mkono, kamera nyingi za kabla ya vita vya pili vya dunia zilikuwa hivyo, zikiwemo Bolex za Uswisi na Bell & Howell za Marekani. Zinahitaji tone la mafuta mepesi na subira, basi. Baadhi ya zilizofuata zina kipima mwanga cha seleniamu, kile kijidirisha chenye vifundo vingi kama sega la nyuki, ambacho chenyewe huzalisha umeme kidogo kinapopigwa na mwanga. Ni binamu wa paneli za sola zilizotapakaa juu ya mapaa yetu. Mwanafunzi anayekisogeza kijidirisha hicho kwenye jua na kuuona mshale ukiinuka bila betri yoyote, hahitaji hotuba ndefu kutoka kwa mwalimu.

Taabu huanza na kamera za tangu miaka ya 1950, mota ya umeme iliposhika nafasi ya kamani. Kampuni ya Eumig ya Austria, mathalani, ilitengeneza kamera iliyotumia betri bapa ya volti 4.5. Betri hiyo ni nadra kuiona katika maduka yetu. Lakini betri bapa ni nini? Ni seli tatu za volti 1.5 zilizopangwa kwa mfuatano na kufungwa pamoja. Basi seli tatu za AA, zile za rimoti na saa za ukutani, zikitiwa katika kijaluba cha plastiki chenye nyaya mbili, huifanya kazi ile ile. Fundi yeyote wa redio pale sokoni Litein au Bomet mjini atakuuzia kijaluba hicho bila kukuuliza ni cha nini. La kuzingatia ni chanya na hasi visibadilishane mahali.

Super 8 nyingi hutumia AA nne au sita, na hapa watu hudhani mambo ni rahisi. Si rahisi kama yanavyoonekana. Mwenye kamera huenda dukani akanunua betri za bei ya chini kuliko zote, akazitia, kamera ikakoroma mara mbili na kunyamaza, naye akaamini imekufa. Ukizipima betri hizo zikiwa mkononi, kipimo kinasoma volti 1.5 bila wasiwasi. Zipime mota ikiwa inazunguka, utaona mshale ukiporomoka. Hili ndilo somo la ukinzani wa ndani ambalo wanafunzi hulikariri kwa ajili ya mtihani bila kuliamini. Betri ya kawaida ya zinki na kaboni ina ukinzani mkubwa ndani yake. Saa ya ukutani inayokunywa umeme kwa kijiko haiutambui, lakini mota inayotaka kuunywa kwa kata huutambua mara moja. Betri za alkali zina ukinzani mdogo, na ndizo kamera nyingi za Super 8 zilizopendekezewa tangu mwanzo.

Je, zile za kuchajiwa? Hapa huwa nawaachia wanafunzi wabishane. Seli moja ya nikeli na haidraidi ina volti 1.2. Sita mara 1.2 ni 7.2, ilhali kamera imeandikwa volti 9. Mwanafunzi mwepesi wa hesabu hutangaza kwamba hazitoshi. Mwenzake aliyekuwa akitazama kipimo humjibu kwamba betri ya alkali nayo haikai kwenye 1.5, bali huteremka kadiri inavyotumika, na sehemu kubwa ya maisha yake huipitisha karibu na 1.2 hiyo hiyo. Ya kuchajiwa huanza chini kidogo lakini hubaki pale pale hadi karibu na mwisho, tena ukinzani wake ni mdogo mno. Kamera nyingi nzuri zina kidhibiti mwendo kinachohakikisha mota haizidishi wala haipunguzi picha 18 kwa sekunde hata volti zikiyumba kidogo. Aliyetazama kipimo ndiye aliyekuwa na haki. Na kuna kamera, kama zile Beaulieu za Ufaransa, ambazo tangu kiwandani ziliundwa kwa betri ya kuchajiwa ya volti 7.2. Betri hizo za nikeli na kadimiamu zilikwisha kufa zote, lakini fundi stadi wa kulehemu anaweza kuunganisha seli sita mpya mahali pake, mradi anunue zile zenye vipande vya bati vya kulehemia, asiipake seli yenyewe moto.

Hapa nijiruhusu kando kidogo. Sisi wa nyanda hizi tunazijua betri, au mawe kama wengi tunavyoziita, kuliko watu wa mijini. Tumekulia kwenye redio na tochi. Mawe yalipopungua nguvu, mama aliyaanika juani juu ya paa pamoja na mtama, na jioni redio ikasema tena kwa nusu saa. Wapo waliotucheka, lakini joto kweli huchangamsha kemia iliyolala, na baridi huituliza. Kericho, kama mita 2,000 juu ya bahari, asubuhi zake za ukungu huweza kuzizimisha betri dhaifu kabla hujapiga picha hata moja. Mchukuaji picha aziweke betri ndani ya koti hadi dakika ya kuzitia. Tulikuwa pia na kiwanda chetu cha betri pale Nakuru, cha Eveready, na nani wa rika langu asiyemkumbuka yule paka wa matangazo? Kilifungwa mwaka 2014, kikishindwa kushindana na bidhaa za bei ya chini kutoka nje. Tangu hapo jiwe lililoundwa nyumbani limekuwa kumbukumbu.

Mzee mmoja wa upande wa Litein aliniletea Nizo, kamera ya Kijerumani, imefungwa kwenye kitambaa cha meza. Tuliamkiana kwa chamgei, akaketi, akaiweka mbele yangu kama mtu anayemleta mgonjwa. "Mwalimu," akasema, "hiki alinipa bwana wangu mwaka aliohama. Niambie kama bado kina uhai, au nikitupe shimoni." Tulisafisha vituo vya betri. Ule unga mweupe unaoachwa na betri ya alkali iliyovuja ni wa jamii ya besi, kwa hiyo pamba iliyochovywa katika siki au maji ya limau huuondoa, halafu pamba yenye maji safi kidogo, halafu kukausha. (Walimu wa kemia, hapo pana somo zima la bure.) Tukatia AA sita mpya. Mota ikaanza kunguruma taratibu, kwa sauti ile ya cherehani iliyo mbali. Mzee akainamisha kichwa akasikiliza.

"Ndiyo sauti yenyewe," akasema. "Alikuwa akituelekezea hii tukipita na vikapu. Sisi tulidhani inatuhesabu."

Mota ilikuwa hai, lakini kipima mwanga hakikusogea, na hapo ndipo penye kizungumkuti chenyewe. Kamera nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zina betri mbili tofauti: kubwa za mota, na vifungo viwili vidogo kama vya shati kwa ajili ya kipima mwanga peke yake. Vifungo hivyo vilikuwa vya zebaki. Betri ya zebaki ilivumbuliwa na Mmarekani Samuel Ruben wakati wa vita vya pili vya dunia, na sifa yake kuu ni uaminifu. Hutoa volti 1.35, na huendelea kutoa 1.35 siku baada ya siku hadi inapokata roho kwa ghafla. Watengenezaji wa kamera waliitegemea kama muuza duka anavyotegemea jiwe la mizani.

Lakini zebaki ni sumu. Dunia ilijifunza hilo kwa machungu kutoka Minamata, Japani, ambako katika miaka ya 1950 wavuvi na watoto wao walipooza kwa kula samaki waliotiwa sumu na taka za kiwanda. Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa betri za zebaki mwaka 1996, Ulaya ikafuata, na mkataba wa kimataifa uliopewa jina la mji huo ukapitishwa mwaka 2013. Mojawapo ya vikao vya kuuandaa kilifanyika Nairobi mwaka 2011. Siulalamikii mkataba huo hata kidogo. Wanaoishi jirani na machimbo ya dhahabu ya Migori, ambako zebaki hushikwa kwa mikono mitupu, wanajua kwa nini ulihitajika. Ukikuta kifungo cha kale ndani ya kamera, usikipasue, usikitupe motoni wala chooni. Kitie katika chupa yenye kifuniko, kiandike jina, ukikabidhi kwa wanaokusanya taka za umeme. Sheria ya nchi ya mwaka 2022 kuhusu usimamizi wa taka imewabebesha watengenezaji na waagizaji mzigo wa kuzishughulikia taka za bidhaa zao. Tuwadai.

Sasa tutie nini mahali pake? Wengi hutia kifungo cha alkali cha volti 1.5 chenye umbo lile lile, kinaingia barabara, mshale unaamka, na furaha inatawala. Furaha hiyo ina kasoro. Volti zikizidi, mshale huinuka kupita kiasi, kamera ikadhani kuna mwanga mwingi kuliko uliopo, ikaufumba mlango wa lenzi, na filamu ikarudi yenye giza. Isitoshe, alkali huteremka polepole, kwa hiyo kosa la leo si kosa la mwezi ujao, na huwezi hata kulizoea. Ziko njia mbili ninazozipendekeza. Ya kwanza ni betri ya oksidi ya fedha, volti 1.55 zisizoyumba, ikipitishwa kwenye kijidaiodi kinachomeza ile ziada ya volti 0.2. Vijaluba vyenye daiodi ndani vinauzwa ng'ambo, na mwanafunzi wa kidato cha nne aliyefundishwa vyema anaweza kujiundia chake.

Ya pili ni rahisi zaidi, nami naipenda kwa sababu inatoka mahali usipopatazamia. Wazee wanaovaa vifaa vya kusaidia kusikia hutumia betri za zinki na hewa, namba 675, zenye volti zinazokaribia sana zile za zebaki. Zinauzwa katika kliniki za masikio na baadhi ya maduka ya dawa. Kila moja ina kibandiko; ukikibandua, hewa huingia na betri huanza kuishi. Kipenyo chake ni kidogo kuliko cha kifungo cha zamani, kwa hiyo izungushie pete ya mpira ili isicheze, na ule mfuniko wa kamera usizibe kabisa, kwa maana betri hii inapumua. Haidumu sana. Baada ya miezi michache, utake usitake, imekwisha, hata ukiwa hukupiga picha. Lakini kwa kazi ya muhula mmoja inatosha. Ndiyo tuliyomtilia yule mzee, na mshale ukasogea.

Kuna onyo moja ambalo sitalifupisha. Madukani zimeingia betri za lithiamu za kuchajiwa zenye umbo na ukubwa ule ule wa AA, lakini kila moja ina volti 3.7. Kwa macho huzitofautishi na zile za kawaida ila usome maandishi. Sita zake ni volti 22.2. Ukizitia katika kamera ya volti 9 utaiunguza mota na vijisehemu vyake vya elektroniki, na huenda ukajiunguza mwenyewe. Mwalimu awafundishe wanafunzi kusoma ubavu wa betri kabla ya kuitia popote, kama anavyowafundisha kusoma chupa ya asidi. Na kama ndani ya kamera mtakuta filamu, msifunue kasha mwangani. Ikiwa ni Kodachrome, dawa zake za kuisafisha kwa rangi ziliisha mwishoni mwa 2010, maabara ya mwisho huko Kansas ilipoacha kuipokea. Hata hivyo, wapo mafundi ng'ambo wanaoweza kutoa walau picha nyeusi na nyeupe. Huwezi kujua ni uso wa nani umelala humo.

Najua swali linalowawasha wengi. Kwa nini tujitaabishe hivi, na simu ya mkononi inapiga filamu ya rangi kwa saa nzima bila kuomba chochote? Tena filamu ya Super 8, ambayo Kodak bado inaitengeneza, ni ghali, na kwa kawaida hulazimu kupelekwa ng'ambo kusafishwa. Swali ni la haki. Sipendekezi kila mwanafunzi apewe filamu. Hakuna shule ya kutwa itakayomudu. Masomo ya betri niliyoyataja yote hapo juu hayahitaji filamu hata kidogo. Kamera tupu inatosha, na nyingi hazina gharama. Lakini nadai kwamba hata kasha moja, kwa shule moja, kwa mwaka mmoja, lina faida ambayo simu haina. Kasha la Super 8 lina futi 50 za filamu, sawa na picha 3,600. Kwa mwendo wa picha 18 kwa sekunde, hizo ni dakika tatu na sekunde ishirini. Mwenye simu hupiga kwanza, akafikiri baadaye, na mara nyingi hafikiri kabisa. Mwenye sekunde 200 hukaa chini na kuamua ni kitu gani katika maisha yake kinastahili.

Na huku kwetu kuna kitu kinachostahili, ambacho hakitasubiri. Tangu miaka ya 2000 mashine za kuchuma chai zimekuwa zikiingia katika mashamba makubwa, zikichukua nafasi ya mikono. Mwaka 2023 hasira zililipuka Kericho na mashine kadhaa zikachomwa moto. Mashamba yenyewe yamekuwa yakibadilisha wamiliki. Mjadala wa mashine na ajira ni mzito, wala siutatui katika safu hii. Najua tu kwamba uchumaji wa mkono, majani mawili na chipukizi, vidole vikienda bila macho kutazama huku mdomo ukisimulia habari za jirani, ni ufundi wa vizazi vinne vya watu wetu, na picha zake zinazotembea, kwa sehemu kubwa, zilipigwa kutoka verandani. Kwenye mashamba madogo ya wakulima ufundi huo bado upo. Kwa muda gani, sijui.

Mwaka huu yule mzee alitukopesha Nizo yake. Nilipata kasha moja la nyeusi na nyeupe, na klabu yetu ya filamu ikatumia wiki tatu kubishana juu ya sekunde 200. Wavulana walitaka milima na mashine. Msichana mmoja, ambaye mama yake ana shamba dogo upande wa Silibwet, alisema kwamba kamera haina budi kukaa kwenye kimo cha majani, ndani ya mstari, ikitazama juu kuelekea uso wa anayechuma, kwa kuwa hapo ndipo yeye alipokaa utotoni akiwa amefungwa mgongoni na baadaye akiwa ameketishwa chini. Hakuna aliyemjibu kwa muda. Mzee, aliyekuwa amealikwa, aliomba sekunde kumi tu ziwekewe mizani ya kituo cha kununulia majani chai, na mkono wa karani unapoisoma. Hakusema kwa nini, na kila mtu pale alielewa.

Walipiga Jumamosi moja kabla mvua ya alasiri haijafika, betri zikiwa ndani ya koti la msichana huyo hadi saa mbili ya asubuhi. Mama mtu hakukubali kusimama na kutabasamu. Alisema majani hayangoji, akaendelea kuchuma. Kasha liko safarini tangu mwezi uliopita. Betri tulizitoa jioni ile ile, na zimo katika kikombe juu ya meza ya maabara.